Vijana wangu wa tuisheni wanaamini bei inapangwa na tamaa ya muuzaji basi, nawatoaje hapo?

mwl_wa_jioni (Ngamiani, Tanga)

Habari za saa hizi wakuu. Mi nafundisha tuisheni ya jioni huku Ngamiani, vijana wa fomu tuu na fomu thrii, somo la biashara, na sasa tumefika kwenye mambo ya ugavi na mahitaji, ile saplai na dimandi. Grafu wanachora vizuri tu, mistari miwili inakatana, wanaandika "bei ya msawazo", ile ambayo wanaotaka kununua na wanaotaka kuuza wanalingana, wanapigiwa vema yao wanafurahi. Shida inaanza ukiwatoa kwenye daftari. Ukiwauliza mbona Ramadhani magimbi na mihogo pale soko la Mgandini inapanda, darasa zima linajibu kwa sauti moja "tamaa ya wafanyabiashara mwalimu". Haya, na mbona machungwa ya Muheza yakikolea msimu yanauzwa bei ya kutupa? "Wakulima hawajui biashara." Yaani bei ikipanda muuzaji ana roho mbaya, bei ikishuka muuzaji mjinga, biashara imeisha hapo.

Af kuna kabinti kamoja kanakaa mbele, kimya siku zote, juzi kakanyoosha mkono kakasema: mwalimu umetuambia watu wakihitaji kitu zaidi bei inapanda, na umetuambia bei ikipanda watu wananunua kidogo, sasa wakinunua kidogo si bei itashuka tena ilipotoka? Inapanda au inashuka? Darasa likaguna, kengele ikalia, nikakaambia tutaanzia hapo kipindi kijacho.

Naomba mawazo. Sina projekta, sina kompyuta, nina ubao na chaki na vijana thelathini na kitu ambao nusu yao jioni wanawasaidia mama zao kuuza, kwa hiyo sokoni wanapajua kuliko mimi.

chungwa_la_Muheza

Mwalimu usiwahubirie, wape namba wagombane wenyewe. Mimi nimefundisha somo hilo hilo huku Muheza na ntakuandikia gemu lote ulitumie kesho.

Kata vikaratasi 16. Vinane vya wanunuzi, vinane vya wauzaji, kila mtu anachukua kimoja na hamwonyeshi mwenzie. Mnunuzi kikaratasi chake kinamwambia bei ya mwisho anayoweza kutoa kwa fungu moja: 1,000, mwingine 900, 800, 700, 600, 500, 400, wa mwisho 300. Muuzaji kikaratasi kinamwambia asishuke chini ya hapo, maana ndo gharama zake: 200, 300, 400, 500, 600, 700, 800, 900. Kila mtu ana fungu moja tu la kuuza au kununua, na pointi zake ni ile tofauti, yaani ukiwa na karatasi ya 900 ukanunua kwa 550 umejipatia 350. Asiyenunua hapati kitu ila hapotezi kitu. Anayeuza chini ya gharama yake anakatwa, sema wazi mapema maana wapo watakaofanya hivyo ili tu waonekane wameuza.

Dakika tano. Wapige kelele. Kila biashara ikifungwa unaiandika bei ubaoni kubwa wote waone, halafu mnafuta mnaanza soko la siku ya pili kwa karatasi zile zile. Raundi ya kwanza itakuwa vurugu, utaona 450, utaona 750, mtu kapigwa bei ya ajabu. Ya pili wanaanza kuchunguliana. Ikifika ya tatu au ya nne bei zinasogea zinabanana karibu na 600, na hakuna mtu hata mmoja darasani aliyepanga 600. Hapo ndo unawauliza: haya nani kapanga? Nani alikuwa na tamaa? Wote walikuwa na tamaa, wauzaji na wanunuzi, ndo kilichoisogeza.

Ukipanga namba zangu utaona. Kwa 600 wanunuzi wanaoweza ni watano (1,000 mpaka 600), wauzaji wanaokubali ni watano (200 mpaka 600). Watano kwa watano. Ukienda 700 wanunuzi wanabaki wanne wauzaji wanakuwa sita, wawili wanabaki na mzigo, watashuka tu. Ndo grafu yako hiyo hiyo ila sasa ina jasho.

Na hili sikulitoa kichwani kwangu. Kuna profesa wa Marekani, Vernon Smith, alilifanya na wanafunzi wake chuo cha Purdue mwaka 1956, akaja kupewa Nobel ya uchumi 2002 kwa majaribio ya namna hiyo. Mwalimu wake wa Harvard, Edward Chamberlin, alishalijaribu kabla lakini yeye aliwaacha wanafunzi wazunguke chumbani wakipatana wawili wawili, tena mara moja tu, bei zikabaki zimetawanyika. Smith akaweka mambo mawili, wapaze sauti hadharani na soko lirudiwe. Kwa hiyo usiwaache wanong'onezane pembeni, hilo ndo linaloharibu.

Ukimaliza hapo sasa ingiza Ramadhani. Kila mnunuzi mwongezee 200 kwenye karatasi yake, wauzaji usiwaguse kabisa. Waulize kabla hawajaanza bei itafika ngapi. Wote watasema 800. Inafika 700.

Bibie wa Sahare

Nimecheka hapo kwenye wanaouza hasara ili waonekane wameuza, wapo hata huku kwetu haha.

Mwalimu mi sio msomi sana, mi nanunua samaki mnadani nauza, ila hao watoto waleteni ufukweni asubuhi muwaonyeshe. Boti ikitia nanga mzigo unamwagwa, dalali anaanza kunadi, tumesimama pale mama wa kukaanga, wenye magari ya barafu wanaopeleka bara, wenye mahoteli, na wachuuzi wa baiskeli. Bei haina mwenyewe. Boti moja ikiingia peke yake bei inaruka, mkiwa bado mnabishana mkaona boti nyingine tatu zinakata maji zinakuja utaona kila mtu ananyamaza, hakuna anayeongeza shilingi, tunangoja. Samaki wale wale, dalali yule yule.

Na ikifika saa nne jua limewaka asiye na barafu anauza kwa lolote maana samaki haweki ahadi na mtu. Mwenye barafu anakuangalia tu. Kwa hiyo waambie wanafunzi wako kuwa muuzaji anayeweza kungoja na asiyeweza kungoja sio sawa hata kama mzigo ni ule ule. Dagaa ni tofauti kidogo, wale tunawachemsha na chumvi tunawaanika, wakikauka wanangoja bei. Ila mvua ikinyesha hakuna pa kuanikia, wenye vichanja hawanunui, basi dagaa wabichi wanashuka bei hapo ufukweni wakati dagaa wakavu mjini wanapanda. Siku moja hiyo hiyo! Wape hiyo wajibu kwenye mtihani.

Halafu kuna mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti, boti zinapumzika. Na kusi likianza kuvuma bahari inachafuka, wenye ngalawa na mitumbwi hawatoki, wanatoka wenye vyombo vikubwa tu tena kwa kuchagua siku. Kaskazi bahari inatulia kila mtu yuko majini. Sisi bei tunaisoma kwenye upepo kabla hatujaisikia kwa dalali.

Kaka_Mkavu

Samahani jamani mi naona mnawajaza watoto hadithi nzuri. Hao wanafunzi wanaosema tamaa hawajakosea sana. Gemu lina wauzaji wanane ambao hawajuani namba, haya nenda kijiji chenye duka moja kisha niambie huo msawazo uko wapi. Mwenye ghala akificha sukari angoje ipande, hiyo ni ugavi na mahitaji au ni nini? Na mafuta je, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji wa serikali, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, tena Tanga ina bei yake, Dar yake, Mtwara yake, hapo nani kapiga kelele sokoni?

Na kubwa zaidi. Yule mnunuzi mwenye karatasi ya 300. Kila raundi anatoka bure. Mwalimu wa Muheza anasema "hapotezi kitu". Kwenye gemu sawa, mtaani huyo ni mtu na watoto wake hawajala. Soko halihesabu njaa linahesabu hela mfukoni. Hilo mbona halisemwi?

chungwa_la_Muheza

Kaka Mkavu umesema kweli hapo kwa mtu wa 300 na mimi sibishi, tena mwalimu mpe karatasi hiyo kijana anayeongea sana ili alalamike kwa sauti, mjadala utakaotoka hapo ni mzuri kuliko notsi zangu zote. Soko linajibu swali la nani yuko tayari kulipa, halijibu nani anastahili, na vijana wa miaka 15 wanaliona haraka ukiwaacha waliseme wenyewe.

Duka moja nalo jaribu. Wafanye wauzaji wote wanane wakae kikao nje dakika mbili wakubaliane bei moja, warudi. Wataweka 800 au zaidi, watauza kidogo, na raundi ya pili utaona mmoja wao mwenye gharama ya 200 anamnong'oneza mnunuzi "nipe 700 nyamaza". Vikao vya bei vinakufa hivyo mara nyingi, ila akiwa muuzaji mmoja kweli hakuna wa kumsaliti na hapo nakubaliana na wewe asilimia mia.

Ila kuhusu tamaa nabisha. Tamaa ipo Shaaban, ipo Ramadhani, ipo Shawwal. Mama yule yule wa magimbi anauza rahisi baada ya Idi, kaokoka? Kitu kisichobadilika hakiwezi kuwa sababu ya kitu kinachobadilika. Ukiwaambia hivyo watanyamaza kidogo.

Na bei kikomo ndo raha yenyewe ya gemu. Rudisha karatasi za mwanzo, tangaza wewe ndo serikali, marufuku kuuza zaidi ya 400. Wanunuzi wanaotaka watakuwa saba, wauzaji wanaokubali watatu. Wanne watazunguka na hela mkononi, wataanza kukuibia chini ya meza. Waulize inawakumbusha nini. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, mvua za El Niño zilikuwa zimekwamisha uvunaji wa miwa na viwanda, Bodi ya Sukari ikatoa bei elekezi Januari hiyo na bado madukani watu walinunua zaidi ya elfu 4 kwa kilo. Karatasi haikuongeza sukari, ilibidi iagizwe ya nje. Mafuta ni jambo jingine, EWURA kile kikomo wanakipiga hesabu kutokana na bei ya dunia na gharama za kuyafikisha bandarini, na ndo maana kinahama kila mwezi na kila bandari ina chake. Kingekaa pale pale mwaka mzima bei ya dunia ikipanda mngeona foleni.

mwl_wa_jioni

Asanteni sana, Bibie hiyo ya dagaa wabichi na wakavu nimeiandika tayari. Mwalimu wa Muheza nimejaribu namba zako na kokoto mezani zinakubali. Lakini kabinti kangu bado, yaani hata mimi nikikaa nacho naona nazunguka. Na hiyo ya kuwaongezea 200 bei ikapanda 100 tu, kwa nini? Watauliza hawa.

chungwa_la_Muheza

Maswali yote mawili jibu lake ni moja, na uwafanyishe kwa mikono yao.

Wanunuzi wameshaongezewa 200, kwa hiyo sasa wana 1,200, 1,100, 1,000, 900, 800, 700, 600, 500. Waambie wote wasimame kwenye bei ya zamani, 600. Wanunuzi saba wanasimama. Wauzaji watano. Wawili hawana fungu. Hao wawili hawawezi kukaa kimya, watapandisha. Bei ikianza kutoka 600 kwenda 700 kunatokea mambo mawili kwa pamoja: yule wa 600 anakaa chini, hawezi tena, na muuzaji wa 700 aliyekuwa amekaa toka asubuhi anasimama. Sasa ni sita kwa sita. Imekwisha, hakuna anayesukuma.

Ndo maana haikufika 800, njiani wameingia wauzaji wapya. Na ndo maana hairudi 600, maana ukiirudisha 600 yule aliyekaa anasimama tena, muuzaji wa 700 anaondoka, mnarudi saba kwa watano wanaanza kusukumana upya. Huyo binti yuko sahihi kwamba bei ikipanda wanunuzi wanapungua, ila wanapungua kutoka saba kwenda sita, hawarudi kwenye watano wa mwanzo. Walioongezeka ni kwa sababu ya mfungo, aliyepungua ni kwa sababu ya bei. Asichanganye hao wawili, na mpe zawadi, watu wazima wenye digrii wanachanganya hapo hapo.

Sasa ile tamu ya mwisho. Futa Ramadhani, rudisha karatasi za kwanza, halafu leta kusi la Bibie: ondoa wauzaji wawili, wa 200 na wa 300, waambie ngalawa zao hazitoki leo. Wachezeni. Itasimama 700 tena! Wanunuzi wanne (1,000, 900, 800, 700), wauzaji wanne (400, 500, 600, 700).

Andika ubaoni, Ramadhani 700, kusi 700. Bei ile ile. Waulize wanajuaje ipi ni ipi kama hawakuwepo? Wakikaa kimya waonyeshe mafungu. Ramadhani yaliuzwa sita, kusi yakauzwa manne, siku ya kawaida matano. Bei imepanda na mzigo unaotembea umeongezeka, basi waliosukuma ni wanunuzi. Bei imepanda na mzigo umepungua, ujue kuna kitu kimetokea shambani au baharini. Bei peke yake haikwambii. Mtu akikuletea bei bila kiasi muulize mzigo ulikuwaje sokoni kabla hujamtukana muuzaji wala mkulima.

Na sisi wa machungwa tusiitwe wajinga jamani. Yanaiva pamoja Muheza nzima, hayangoji, kila mwenye mti ana gunia barabarani, bei inashuka na mzigo unaotoka ni mkubwa kuliko miezi yote. Siku malori ya Kenya yakiingia kupitia mpaka wa Horohoro yakapanga foleni, asubuhi hiyo hiyo wakulima wale wale wanakuwa na akili ghafla.

mzee_wa_katani

Nimesoma kimya kimya, hongereni. Mwalimu, watoto wa Tanga usiwamalizie na magimbi, wana somo kubwa limewazunguka. Mkonge uliletwa mkoani kwetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vita ya Korea ilipozuka dunia ikagombania kamba, bei ikaruka, na tulipopata uhuru 1961 Tanganyika ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Halafu ikaja kamba ya plastiki, rahisi, haiozi. Mashamba yetu hayakuwa yameungua, wala wakata mkonge hawakuwa wamegoma, aliyeondoka ni mnunuzi. Katikati ya miaka ya 1960 bei ilikuwa inaporomoka, yakaja na mengine yetu wenyewe, mashamba mengi kutaifishwa 1967 na uendeshaji uliofuata, lakini plastiki ilitangulia. Waulize babu zao, wengi walikata mkonge.

Alfred Marshall wa Uingereza, mwaka 1890, alisema kubishana kama bei inatoka kwa muuzaji au kwa mnunuzi ni kama kubishana ni ubapa upi wa mkasi unaokata karatasi. Kaka Mkavu nawe hapo umo, kuna siku ubapa mmoja umeshikwa na mtu mmoja.

Kaka_Mkavu

Shikamoo mzee. Hapo kwenye ubapa kushikwa na mtu mmoja nimeridhika, naweka silaha chini kwa leo. Ila mwalimu ile raundi ya kikao cha wauzaji usiiruke eti muda umeisha.

mwl_wa_jioni

Siiruki kaka. Nimepanga kipindi cha kwanza raundi za kawaida na mfungo, cha pili kusi na kikomo na kikao. Wako thelathini na kitu kwa hiyo nafanya masoko mawili, moja kila upande wa darasa, kuna tatizo?

chungwa_la_Muheza

Hakuna, ila tegemea kwamba wakiona upande wa pili bei ni ndogo kuna kijana atatoroka kwenda kununua kule aje auze huku. Usimfukuze huyo. Mpe jina la lori la Kenya, endelea kuandika bei ubaoni uone pande mbili zinavyofanana kadiri anavyokimbia. Wakizidi wawili watatu wape kazi ya kuandika bei.

Bibie wa Sahare

Na mkija huku mje siku za giza mwalimu, sio mwezi mkubwa mkatukuta tumekaa tunashona nyavu. Mfike kabla ya saa moja, waje na ndala, na kila mmoja aje na buku lake anunue kitu, sitaki watoto wa kusimama tu wananizibia mnada.

mwl_wa_jioni

Haha sawa mama, buku lake kila mmoja. Na kabinti nakapa elfu mbili.